Jinsi ya kusafisha magugu na vichaka kwenye reli na yadi za mabehewa, hatua kwa hatua (tunavofanya huku Moshi na Kahe)

Habari zenu wadau. Nimefanya kazi kwenye magengi ya kusafisha njia upande huu wa Moshi, Kahe mpaka kule Rundugai kwa misimu kadhaa, na kila mvua zikikaribia vijana wananiuliza yaleyale, unaanzia wapi, unatumia dawa gani ya magugu, unafyeka au unang'oa. Leo naandika yote hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma hii.

Kwanza muelewe hiki, maana kila hatua huko chini inatokana nacho. Magugu kwenye reli sio suala la usafi, ni suala la maji. Zile kokoto mnazoziona chini ya mataruma (yale mabao au vyuma vilivyolala kukingama chini ya reli) kazi yake kubwa, ukiacha kubeba uzito, ni kupitisha maji yashuke haraka yaende mtaroni. Majani yakiota katikati mizizi inashika vumbi na udongo, majani yakifa yanaoza yanakuwa udongo mwingine, matundu ya kokoto yanaziba, maji yanakaa. Maji yakikaa treni ikipita taruma linadunda kwenye tope, reli inaanza kucheza, na hapo umeshaingia kwenye mambo ya treni kutoka njiani. Ukishaelewa hivo utajua kwa nini mtu anayefyeka tu reli ikaonekana safi halafu akaacha majani palepale juu ya kokoto hajafanya kazi, amepanda magugu ya msimu ujao.

Yapo na madhara mengine. Majani yakilalia reli yakasagwa na magurudumu yanateleza kama sabuni, na kutoka Kahe kuja Moshi treni inapanda, kichwa cha treni kinaweza kuzungusha magurudumu bila kusogea. Mkaguzi wa njia anayetembea kwa mguu haoni bolti iliyolegea wala reli iliyopasuka. Nyoka pia, na moto wakati wa kiangazi.

HATUA YA 1: Ruhusa na mlinzi

Usiingie relini bila stesheni masta kujua uko kilomita gani, mko wangapi na mnatoka saa ngapi. Kuna watu bado wana akili ya zamani kwamba njia hii imelala, haijalala, treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, na mbali na treni kuna viberenge, vile vigari vidogo vya ukaguzi wa reli, ambavyo havina ratiba unayoijua wewe na havina kelele.

Mlinzi wenu awe na filimbi, bendera nyekundu na ya kijani, na ASISHIKE PANGA. Narudia, mlinzi hafyeki. Hata kama kazi imebaki mita tano na jua linazama, mlinzi anaangalia njia tu. Piga hesabu mwenyewe, treni ya kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo kama unataka sekunde 30 za kukusanya vifaa na kutoka inabidi aione ikiwa zaidi ya mita 400. Kwenye kona haoni mita 400, basi weka walinzi wawili, mmoja asogee mbele mpaka waonane wote. Ukitumia mashine ya kufyekea ndo kabisa, mwenye mashine hasikii filimbi, lazima awepo mtu wa kumgusa bega. Na earphone acheni nyumbani.

HATUA YA 2: Tembea kwanza, gawa njia sehemu tatu

Siku ya kwanza usifyeke chochote. Tembea na daftari, andika kwa nguzo za kilomita nini kiko wapi. Mimi nagawa hivi.

Kwenye kokoto zenyewe na kidogo pembeni ya ncha za mataruma, hakuna kuacha jani hata moja.

Pembeni ya hapo, ile sehemu ya kutembea, nyasi fupi ruksa ila zisizidi kifundo cha mguu na zisiwe na miiba.

Nje zaidi, mteremko wa tuta (ule udongo ulioinuliwa kubeba reli) mpaka mtaro na kupita mtaro, hapo TUNATOA VICHAKA NA MITI LAKINI NYASI TUNAACHA. Hapa ndo wengi wanaharibu, anakuja na dawa anaua kila kitu mpaka chini ya tuta, reli inapendeza wiki tatu, halafu masika inakuja inalamba udongo wote kwa sababu hakuna mzizi wa kuushika, tope linashuka linaziba kalavati, lile tundu la kupitisha maji chini ya reli. Nyasi ya kwenye mteremko inashika tuta, iheshimu.

Jua na majina ya unaopambana nao. Ndago na sangari ukizikata zinacheka tu, uhai wao uko chini ya ardhi. Kongwa, ile yenye ua la bluu, ni sugu kwa glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, utapulizia itanyauka kidogo na itarudi, ing'oe kwa mkono ukusanye kila kipande maana kila pingili inaota. Mti wa lusina ukikata bila kupaka dawa kisiki inatoa matawi kumi pale ulipokata moja. Na gugu karoti, hili naliandikia hatua yake.

HATUA YA 3: Gugu karoti kabla ya kitu kingine chochote

Huku Arusha na Kilimanjaro limeenea sana pembeni ya barabara na reli, na usafiri ndo unalibeba, mbegu zinakaa kwenye tope la matairi, kwenye magunia, kwenye mchanga wa ujenzi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi na unaanza kutoa maua ukiwa na wiki chache tu. Ukiwa mdogo umekaa kama chapati chini, majani yamechanika kama ya karoti, huo ndo wakati wa kuung'oa, udongo ukiwa na unyevu, unatoka na mzizi wote. Ukishaona vile viua vyeupe vidogo kama punje za mchele umechelewa, usiufyeke na mashine utarusha mbegu, ung'oe taratibu uweke kwenye mfuko uufunge.

Vaa glavu na mikono mirefu. Mwenzetu mmoja aling'oa siku tatu mikono mitupu, siku ya nne ngozi ya vidole imepasuka inatoa maji, usiku anabanwa na kifua. Alikaa nje ya kazi mwezi mzima na hakulipwa. Glavu ni bei ndogo kuliko hiyo.

HATUA YA 4: Vichaka na miti

Fanya hii kiangazi. Kata chini kabisa, kisiki kisizidi kiganja cha mkono, na kata bapa, usikate mshazari maana kisiki chenye ncha kinatoboa gambuti na mguu.

Sasa utamu wa kazi uko hapa. Ukishakata, angalia uso wa kisiki. Katikati kuna mti mgumu, nje kuna gome, na kati ya gome na mti kuna kiduara chembamba chenye unyevu. Dawa ya kisiki inatakiwa kwenye kile kiduara TU, katikati pale ni kupoteza pesa. Mimi natembea na kopo dogo na brashi ya rangi, mmoja anakata mwingine yuko nyuma yake anapaka ndani ya dakika chache, kabla kisiki hakijakauka na kujifunga. Ukikata leo ukapaka kesho haifanyi kazi, tumejaribu Kahe kwenye lusina, mstari mzima ulichipua upya.

Matawi yote yatoke eneo la reli. Usichome pale pale, mataruma ya mbao yanashika moto polepole, unaondoka jioni unaona moshi umeisha kumbe ndani linaungua.

Kwenye vivuko vya barabara fanya kipimo hiki, chuchumaa mpaka jicho lako liwe sawa na dereva wa bajaji, ukiwa mita kumi kabla ya reli, angalia kushoto na kulia. Wengi wanapima wamesimama, wanaona vizuri, wakati mwenye bajaji anaona ukuta wa matete.

HATUA YA 5: Dawa kwenye kokoto

Kwenye kokoto jembe halifai. Ukilima unaleta udongo juu na unavuruga lile bega la kokoto pembeni linalozuia reli isisogee ikapinda inapotanuka jua likiwaka. Kwa hiyo ni kung'oa kwa mkono, au dawa.

Nunua dawa iliyosajiliwa tu, mamlaka ya viuatilifu TPHPA iko hapohapo Ngaramtoni, Arusha, nenda kaulize, na soma lebo mpaka mwisho. Mimi naogopa zile dawa za kukaa ardhini muda mrefu, zinatembea na maji na zinaua hata mti wa jirani ambao mizizi yake imepita chini ya tuta, na huku kwetu mifereji inaenda moja kwa moja kwenye migomba ya watu. Glaifoseti inaingia kupitia jani la kijani na inashikwa na udongo, ila na yenyewe sio maji ya kunywa, mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Kwa hiyo gambuti, suruali nje ya gambuti, glavu ngumu za mpira, miwani, barakoa, na usile wala kuvuta sigara mpaka unawe.

Pima bomba lako la kupulizia kabla. Chora mita 10 kwa 10, jaza maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, angalia yametumika lita ngapi. Tuseme 2.5. Hiyo ni lita 250 kwa hekta. Kilomita moja ya njia kwa upana wa mita 4 ni 0.4 ya hekta, unahitaji lita 100, yaani mabomba sita na kidogo ya lita 16. Lebo ikisema lita 3 za dawa kwa hekta, kila bomba la 16 linabeba mililita 192. Hapo hakuna kukadiria na kizibo.

Maji yawe safi. Maji ya mfereji yenye tope yanaishika dawa kabla haijafika kwenye jani, utalaumu duka bure. Pulizia majani yakiwa hai na yamefika kama shubiri, asubuhi umande ukishakauka, na uwe na uhakika mvua hainyeshi saa chache zijazo. Upepo ukianza acha. Nisikilizeni kwenye hili, kuna msimu msimamizi wa kazi alitulazimisha kuendelea saa nane mchana upepo unavuma kwa sababu siku zilikuwa zimebaki mbili, na mimi ndo nilikuwa nimebeba bomba. Wiki iliyofuata mama mmoja mwenye shamba pembeni alinishika mkono akanipeleka kwenye maharage yake, mistari saba imekuwa ya njano, akaniambia, "Mwanangu, hii ilikuwa ada ya shule." Tulichangishana tukamlipa sisi vibarua, aliyetoa amri hakuonekana. Tangu siku hiyo upepo ukivuma naweka bomba chini, anayetaka kunifukuza anifukuze.

Acha mita kadhaa bila dawa kila upande wa mto, mfereji na kalavati, hapo ng'oa kwa mkono. Mwenyekiti wa kijiji aambiwe siku mbili kabla ili wachungaji wasipitishe ng'ombe na wenye mizinga wajue. Makopo matupu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba, halafu toboa kopo. Usipotoboa kuna mtu ataweka pombe ya mbege.

HATUA YA 6: Ondoa kilichokufa

Subiri kama wiki mbili, dawa ifike mizizini, usifyeke kabla. Baadae pita na reki na uma, toa majani makavu yote nje ya kokoto, na fungua mitaro. Ukikuta sehemu kokoto zimepakwa tope jeupe lililokauka kuzunguka taruma, hapo njia inasukuma maji, usijaribu kutengeneza, andika kilomita umpelekee mkaguzi siku hiyohiyo.

HATUA YA 7: Yadi

Yadi ina tabia yake. Mahindi, ngano na mbolea vinamwagika kutoka kwenye mabehewa, vinaota, vinaleta ndege, panya na mbuzi. Fagia kilichomwagika kabla ya mvua, ni nusu ya kazi. Kwenye pointi, pale ulimi wa reli unapohama, ni mkono na kisu kidogo tu, shina moja gumu likibanwa katikati ulimi haufungi vizuri. Usipite chini wala katikati ya mabehewa yaliyosimama, hata kama yamekaa hapo toka juzi, zunguka.

HATUA YA 8: Rudi

Wiki nne baada ya masika kuanza, na tena baada ya vuli, tembea njia yote na lile daftari la hatua ya 2. Nenda na chupa ndogo ya kupaka visiki vilivyochipua na mfuko wa gugu karoti. Mwaka wa kwanza kwenye kipande cha karibu na Kahe tulirudi tukajaza mifuko kumi na moja, mwaka wa pili minne, na mara ya mwisho nilipopita nilijaza mmoja haukufika nusu.