Otopailoti ya boti ikijizima, anza na waya

Mimi ni fundi umeme wa magari ya safari hapa mtaa wa Unga Limited, Arusha. Bahari ya Tanga ipo zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka benchi langu. Siku moja kikaja kifurushi kwa basi la Tanga: kisanduku cha otopailoti ya boti ya matanga, na kikaratasi, "Fundi, kinajizima chenyewe." Nikakiunganisha kwenye volti 12 zilizotulia, kikapiga kazi siku mbili bila kukohoa. Nikakirudisha. Wiki haikuisha, simu ikaita: kimezima tena. Safari hiyo nikapanda basi mimi.

Mfumo wenyewe si mgumu. Dira ya umeme inasoma boti imeelekea wapi, kisanduku kinalinganisha na mwelekeo uliouweka, kisha kinaamuru mota isukume usukani. Kipimo kidogo kwenye usukani kinarudisha habari umefika nyuzi ngapi. Kabla ya yote, boti iwe imefungwa gatini au imetia nanga. Usipime huku inakimbia karibu na miamba.

1. Uliza inazima lini

Usikubali jibu la "wakati wowote." Nilimkalisha nahodha na chai, nikaandika. Inazima usiku, na inazima pepo za kusi zikivuma kwa nguvu. Bahari ikitulia mchana, haina shida. Kwangu hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Usiku sola hazichaji na friji na taa zinakula betri. Upepo mkali unafanya usukani uwe mzito, mota inavuta ampea nyingi. Vyote viwili vinashusha volti. Angesema inazima akibonyeza redio ya masafa marefu, ningefuata nyaya za antena. Angesema inapotea akielekea upande fulani tu, ningeanza na dira.

2. Pima volti kazi ikiwa inafanyika

Hapa ndipo benchi langu lilinidanganya, maana mezani hakukuwa na waya mrefu wala mota yenye mzigo.

Weka multimita kwenye volti, ncha zote mbili kwenye terminali za kisanduku chenyewe, si za betri. Mwambie mwenzako ashike usukani na kuuzuia wakati otopailoti inausukuma. Betri ilisoma 12.4. Kwenye kisanduku nikaona 10.6, na kioo kikafifia. Volti 1.8 zimepotelea njiani.

Sasa zitafute. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye chanya ya kisanduku, mota ikiendelea kusukuma. Waya mzuri unasoma karibu na sifuri. Wangu ulisoma 1.5. Upande wa hasi, 0.3. Nikarudi kwenye chanya, nikasogeza ncha kiungo kwa kiungo, hadi kwenye kishikio cha fyuzi nyuma ya ubao: 1.2 peke yake. Nikakigusa, kilikuwa cha moto. Kwa ampea 14, hapo zinaungua karibu wati 17. Nilipokifungua, shaba ilikuwa na kutu ya kijani, na fyuzi ilicheza kama jino la mtoto.

Msidanganywe na kupima omu, yaani ukinzani, waya ukiwa umelala bila umeme kupita. Kiungo kile kilikuwa chini ya omu 0.1, na ncha za multimita zenyewe zinaweza kusoma kiasi hicho. Fundi aliyenitangulia alipima hivyo, akasema waya ni mzima, akamuuzia nahodha kisanduku kipya. Kikazima vilevile.

3. Kata hadi shaba inayong'aa

Chumvi hupanda ndani ya ganda la waya. Ukimenya ukakuta nyuzi nyeusi, rudi nyuma ukate tena. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, bana kiungo kwa koleo lake, kisha vika mpira wenye gundi ndani unaojikaza kwa joto. Mimi ni mtu wa kuchomea viungo kwa risasi, lakini kwenye boti risasi peke yake haifai: waya hukatika pale risasi inapoishia, kama kwenye gari linalotikiswa kila siku kwenda Serengeti.

Baada ya kishikio kipya, upotevu ukashuka hadi 0.6. Bado ni mwingi. Mimi nakubali asilimia 3, yaani kama 0.36 kwenye volti 12. Nikavuta waya mnene zaidi, chanya na hasi, kutoka betri moja kwa moja.

4. Dira

Sogeza simu, spika, sanduku la spana na makopo ya chakula mbali nayo. Halafu zungusha boti taratibu majini, mzunguko mmoja usipungue dakika mbili, kama kitabu chake kinavyoelekeza, ili dira ijisahihishe.

5. Kipimo cha usukani

Kama ni kile cha rizista inayobadilika, chomoa plagi, pima omu huku mtu akisogeza usukani polepole toka upande hadi upande. Namba zipande au zishuke bila kuruka. Zikiruka, kimeisha, badilisha.

6. Mtandao wa vifaa

Kama ni NMEA 2000, mtandao unaounganisha vifaa vya boti, fundi wa magari utajisikia nyumbani, kwa sababu imejengwa juu ya CAN, njia ya mawasiliano ileile ya magari ya kisasa. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za data. Omu 60 ni sawa: rizista mbili za 120, moja kila mwisho. Ukipata 120, moja haipo au waya umekatika. Ukipata 40, kuna mtu kaongeza ya tatu.

7. Kisanduku

Ukifika hapa bado inazima, ndipo ukifungue. Mimi sikufika. Tulitoka jioni, upepo ukiwa mkali, taa na friji vimewashwa makusudi. Nikakaa sakafuni nimeshika multimita, kichefuchefu kimenibana, namba zikicheza kati ya 11.9 na 12.1. Nahodha juu ameachia usukani, anamenya chungwa.