Unaandika mwenyewe na kuimba mwenyewe? Soma hii kabla hujaachia ngoma ya kwanza

Hii naiandika kwa ajili ya yule dogo mwenye voisi noti mia na kitu kwenye simu, zote melodi, zingine amerekodi ndani ya daladala huku konda anaita Mbagala Rangi Tatu, na mpaka leo hajaachia ngoma hata moja. Najua upo. Mimi mwenyewe nimetokea huko huko, sasa hivi nina nyimbo tatu nje na zingine kadhaa nimewaandikia watu, sijatoboa, bado naenda kwenye shoo na bodaboda, kwa hiyo usitegemee siri za kuwa Diamond. Nakupa tu yale ambayo ningetamani mtu aniambie kabla sijaingia studio mara ya kwanza, hasa sisi tunaojiandikia, maana mtaji wetu ni kalamu na kalamu ndo kitu cha kwanza watu wanakuibia huku unacheka nao.

Anza na koras (kiitikio), na iwe imeisha kabla hujatoka nyumbani. Kuna watu wanawekewa biti wanaanza kumumunya maneno kwenye maiki mpaka kitu kitoke, na kwa wengine kinatoka kweli, sibishi. Ila kwa chipukizi ni hatari mara mbili. Saa za studio unalipia, halafu, na hii ndo kubwa, melodi ikizaliwa mle ndani mbele ya prodyuza na washkaji zake watatu waliojazana kwenye kochi, kesho kila mmoja atakwambia ile sehemu ya "ooh" aliitoa yeye, na huna cha kubisha maana inawezekana ni kweli. Ukija nayo imerekodiwa kwenye simu na ina tarehe, ubishi huo unakosa pa kuanzia.

Sasa inaandikwaje. Nikuoneshe moja ya kwangu. Nilikuwa na wimbo wa kuachwa (kama kila mtu) na mstari wa kwanza ulikuwa "moyo wangu unauma sana tangu uliponiacha mpenzi". Kisarufi hauna kosa, ila huo mstari umeshaimbwa na kila mtu na ukifumba macho huoni kitu. Nikakaa nao siku mbili najiuliza swali moja tu, huyu jamaa aliyeachwa, leo saa mbili usiku anafanya nini? Anapika. Na mkono umeshazoea kupima mchele wa watu wawili. Ikatoka hivi:

Sufuria la wawili, napakua peke yangu.

Hesabu kwa vidole. Su-fu-ri-a-la-wa-wi-li, nane. Na-pa-ku-a-pe-ke-ya-ngu, nane. Nane kwa nane, mizani ile ile ya mashairi tuliyokuwa tunakaririshwa shule, na kwenye biti ya mapigo manne kila silabi inapata nusu pigo, inakaa yenyewe bila kusukuma. Sikio la Mswahili limelelewa na hiyo hesabu. Msikilize Zuchu alivyo mwepesi wa kupanga maneno, kisha kumbuka mama yake ni Khadija Kopa, mtu wa taarab, utaelewa hayo mambo hayatoki hewani. Sisemi kila mstari uwe nane, ukifanya hivyo wimbo mzima utasikika kama mtihani wa darasa la saba, vesi iache ikimbie, ila koras ipe mizani, utaona watu wanaishika mara ya pili tu wakiisikia.

Kitu kingine kuhusu lugha yetu, mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho, na melodi ikikaza kwingine unaharibu neno. Nilikuwa na mstari wa "nakungoja barabara", nikimaanisha pale njiani, melodi ikaenda kuvuta "ra" ya kwanza badala ya "ba" ya pili, ikawa barábara, yaani nakungoja sawasawa kabisa, kama askari. Prodyuza alicheka mpaka akasimamisha rekodi. Dawa yake rahisi, sema mstari kama unaongea na mtu, sikiliza sauti inapanda wapi, melodi ifuate hapo hapo.

Biti. Usichukue biti ya bure YouTube ukadhani ni ya bure. Nyingi zimeandikwa kabisa kwamba ni za majaribio tu, ukitaka kuingiza hela ulipie, na hata ukilipia ile bei ya chini mara nyingi umekodi tu, kuna mtu Lagos na mwingine Lusaka wanayo hiyo hiyo. Siku mmoja wao akiisajili kwenye Content ID, ule mfumo wa YouTube wa kutambua sauti ya nani imetumika, wimbo wako unapigwa klemu na hela inaenda kwake wakati sauti ni yako. Tafuta prodyuza wa mtaani kwako mjenge biti kutoka kwenye melodi yako, hata kama hana jina. Hawa wakubwa kina S2Kizzy nao walianza kwenye kompyuta ambazo hakuna aliyekuwa anazijua.

Ukishaingiza vokali, KABLA hujanyanyuka kwenye kiti, mambo mawili.

La kwanza mafaili. Dai masta (rekodi ya mwisho iliyokamilika) kwenye WAV, faili lenye ubora kamili, sio mp3 ya WhatsApp, dai instrumentali (biti bila sauti yako, utaihitaji kwenye shoo na kwenye tivii), dai na vokali peke yake. Kompyuta za studio zinakufa, zinaibiwa, prodyuza wanahama mji. Nenda na flashi yako mfukoni.

La pili ndo lililonifanya niandike yote haya. Kuna jamaa nilimpa koras kwa mdomo, "tutaelewana tu kaka". Miezi kadhaa baadae nimesimama kwa muuza chipsi nasubiri kuku, naisikia kwenye spika yake, koras yangu neno kwa neno, nacheki YouTube jina langu halipo hata kwenye maelezo ya chini. Nilimpigia simu, akaniambia "lakini si ulinipa?" Na kweli nilimpa. Sikuwa na kitu cha kumuonesha hata mwanasheria.

Kwa hiyo siku hizi natuma meseji kama hii usiku ule ule, biti ikiwa bado inaniimbia kichwani:

"Kaka asante kwa leo. Tuwekane sawa: maneno na melodi nimeandika mimi, biti umetengeneza wewe, hela ya studio nimemaliza. Uandishi tugawane nusu kwa nusu, masta ni yangu, wewe jina linakaa kama prodyuza kila tunapoipeleka. Uko poa na hiyo?"

Akijibu poa, skrinshoti, naihifadhi. Haifikii mkataba wenye sahihi, na ngoma ikianza kuonesha dalili kaandikieni mkataba wa kweli, lakini ni maandishi na yana tarehe. Hiyo nusu kwa nusu nayo sio sheria, ni makubaliano, prodyuza mwingine atataka kidogo au atataka hela yote mkononi tu na asidai chochote mbele, sawa, cha muhimu iandikwe. Na jua tofauti ya vitu viwili, kuna wimbo (maneno na melodi) na kuna rekodi (hiyo masta). Unaweza ukauza rekodi na wimbo ukabaki wako, na unaweza ukanyang'anywa vyote kwa sababu hukujua ni viwili.

Kwa Tanzania sheria ya hakimiliki ni ya 1999, na inakulinda toka siku ulipoandika, sio toka siku uliposajili, na inaendelea miaka 50 baada ya wewe kufariki. Ila ukiibiwa ndo utaulizwa ushahidi, kwa hiyo sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na wewe mwenyewe kama msanii jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wengi wanasubiri mpaka waitwe. Mashairi yakiwa na matusi yaliyofichwa kwenye utani usidhani hawasikii, 2018 walifungia wimbo wa Rayvanny na Diamond, na hao walikuwa juu kabisa, sembuse wewe ambaye ndo kwanza unabisha hodi.

Kuachia sasa. Hapa wengi wanaharibu kwa haraka, wimbo umetoka kwa prodyuza Jumatano, Alhamisi uko YouTube. Tulia. Kwanza hakiki jina lako, litafute Spotify, Boomplay na Audiomack, ukikuta yuko mwingine wa Brazil mwenye jina hilo hilo badilisha mapema kabla nyimbo zenu hazijachanganywa kwenye ukurasa mmoja. Halafu tafuta msambazaji, yule anayekupelekea wimbo kwenye hiyo mitandao. Wapo wa ada ya mwaka kama DistroKid, wapo wanaokula asilimia. Wa ada soma vizuri, ukiacha kulipa wimbo unaweza kushushwa, na nimeona watu ngoma yao imepotea kila mahali kwa sababu kadi ya benki iliisha muda. Panga tarehe walau wiki tatu nne mbele, maana Spotify wanataka uwatumie wimbo siku 7 kabla haujatoka ndo uwe na uhakika wa kuwafikia wafuasi wako wiki ile. Na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 pale Spotify hauingizi senti kwenye rekodi. YouTube nako matangazo hayakulipi mpaka uwe na masabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zako ziangaliwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mtandao hesabu kama tangazo, kodi ya chumba itoke sehemu nyingine.

Video? Kwa maoni yangu wimbo wa kwanza usiufanyie video ya hela nyingi. Picha moja nzuri, maneno yanatembea chini, na wewe umekaa na gitaa au umesimama jikoni unaimba ile koras kwa sekunde 20. Mimi ile ya sufuria nilirekodi kweli nikiwa na sufuria, mwiko mkononi, fulana ya ndani, na ndo kipande pekee watu wasionijua wamewahi kukirudia. Kiki za kuachana feki sikushauri, zinakupa macho ya siku tatu halafu unabaki na ex feki.

Redioni nenda, lakini nenda na kipindi kichwani. Usimtumie link mtangazaji wa taarabu ya mchana. Msikilize wiki nzima, jua anapiga nini, mtumie faili na mistari miwili ya maelezo, na wimbo safi usio na neno la kukatwa. Kuna watakaokuomba chochote. Hilo ni la kwako na mfuko wako, mimi niliwahi kutoa, wimbo ukapigwa mara moja saa tisa usiku, nimeshatubu.

Hela ya karibu zaidi kwa mtu wa kalamu ni kuwaandikia wengine. Marioo alijulikana kwa kuandikia wasanii kabla sisi wote hatujaanza kumuimba yeye, na Barnaba aliyetokea THT (ile nyumba ya vipaji Dar) ameandikia watu wengi tu. Bei sikutajii, inategemea nani anakuuliza, ila chukua nusu kabla hujatuma demo (rekodi ya mfano), jina lako liandikwe kama mtunzi, na demo yenyewe iwe ya sekunde 40, sio wimbo mzima. Nimejifunza hiyo ya mwisho kwa machozi.

Lebo ikija (na ikija utasikia raha mpaka mikono itetemeke) usisaini siku hiyo hiyo. Uliza miaka mingapi, masta ya nani, nyimbo nilizoandika kabla zinaingia au haziingii, gharama za video na nguo zinakatwa kwangu au kwao, na kubwa kuliko yote, nikitaka kutoka inakuwaje. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Sisemi lebo ni mbaya, bila WCB pengine tusingemjua, nasema hiyo milioni 500 inatokana na karatasi ambayo mtu aliisaini siku ana furaha. Mpelekee mwanasheria hata wa laki moja akusomee.

La mwisho ni hizo voisi noti. Leo hii, kabla hujalala, zihamishie kwenye Google Drive na uzibadilishe majina, "Recording 87" haikusaidii kitu, andika tarehe na neno moja la koras. Simu yangu ya kwanza ilichomolewa mfukoni Kariakoo, kulikuwa na koras moja mle nilikuwa naijua kwa moyo, nilidhani. Mpaka sasa naikumbuka mstari wa kwanza na nusu ya wa pili.