Kati ya Waal na Linge kwa baiskeli, mbali na magari: hatua kwa hatua

Shemeji yangu alipotutembelea Utrecht, Uholanzi, aliomba jambo moja tu: nimpeleke mashambani kwa baiskeli, ila asisikie injini. "Shemeji, magari nimeyaacha Dar," alisema. Nilimchorea njia kwenye karatasi, na tangu hapo kila mgeni anayekuja huku anaiomba. Sasa naiandika yote mahali pamoja.

Kwa kifupi iko hivi. Unapanda treni na baiskeli hadi Gorinchem, unavuka maji kwa boti kwenda ngome ya Loevestein, unaendesha juu ya tuta, ukuta wa udongo unaozuia mto, hadi Brakel, unavuka mto Waal kwa kivuko hadi Herwijnen, unakata polda, ardhi tambarare iliyokaushwa maji, kuelekea Asperen, kisha unaufuata mto Linge hadi stesheni ya Geldermalsen. Ni kama kilomita 35 hivi. Mwendesha baiskeli mwenye haraka ataimaliza kabla ya chakula cha mchana. Huu mwongozo si wake.

Hatua ya 1: Upepo

Uholanzi haina milima, ina upepo. Kwenye polda hakuna mti wa kukukinga, na upepo wa usoni unachosha kuliko kilima, kwa sababu kilima kina mwisho. Mara nyingi hutoka kusini-magharibi, ndiyo maana njia hii inaanzia Gorinchem na kwenda mashariki, upepo ukikusukuma mgongoni. Utabiri ukionyesha upepo wa mashariki, igeuze njia nzima: anza Geldermalsen.

Hatua ya 2: Baiskeli

Chukua baiskeli nzito ya kawaida ya Kiholanzi, yenye gia chache zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kifuniko cha mnyororo na keria ya nyuma. Ya mashindano itakulazimisha kuinama, na ukiinama unaona tairi tu. Ya umeme siipendi kwa safari hii. Unamaliza njia kabla hujaiona. Kama ina breki ya kurudisha pedali nyuma, jizoeze kwanza uwanjani, maana anayezoea breki za mikono huishika hewa anapotakiwa kusimama ghafla.

Zile za bluu na njano za kukodi stesheni, OV-fiets, ni nzuri, lakini zinatakiwa kurudishwa pale ulipozichukua, na safari yetu haiishii ilipoanzia. Kodi kwenye duka la mjini kwa siku nzima. Valvu ya tairi huwa ile ile ya Phoenix za nyumbani, kwa hiyo fundi wa Tandika hatashangaa kitu akiiona.

Hatua ya 3: Namba

Nchi nzima imefungwa kwa mtandao wa makutano yenye namba, wanayaita knooppunten. Kila makutano yana kibao chenye namba yake na ramani ya eneo, na vibao vidogo vya kijani na nyeupe vinakuonyesha njia ya kwenda namba inayofuata. Huhitaji kukariri majina ya vijiji. Unahitaji orodha ya namba.

Orodha hiyo ipate kwenye kipanga-njia cha mtandaoni cha Fietsersbond, chama cha waendesha baiskeli kilichoanzishwa 1975. Sitaki ubishi hapa. Ramani ya kawaida ya simu inakutafutia njia fupi, na njia fupi ndiyo wanayopita wenye magari. Kipanga-njia cha Fietsersbond kina chaguo la njia yenye magari machache, autoluw. Chagua hilo.

Namba ziandike kwa kalamu nene kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwenye usukani kwa gundi ya utepe. Kushika simu mkononi ukiendesha baiskeli kumepigwa marufuku tangu Julai 2019 na faini yake inauma. Kishikilia simu kinaruhusiwa, lakini jua likiwaka huoni kitu kwenye kioo. Karatasi haiishiwi chaji.

Ukifika njia panda isiyo na kibao, nenda moja kwa moja. Ndivyo mtandao ulivyopangwa: kibao huwekwa pale unapotakiwa kukata kona.

Hatua ya 4: Vivuko

Hapa tukae. Hatua nyingine ukizikosea unapoteza dakika. Hii unapoteza nusu siku.

Anza na ukweli huu: kati ya Gorinchem na Zaltbommel hakuna daraja hata moja juu ya Waal. Ni kama kilomita 20 kwa mstari mnyoofu, na tuta halijui mstari mnyoofu. Ukikuta kivuko cha Brakel hakifanyi kazi, ng'ambo unaiona, nyumba za Herwijnen unazihesabu, lakini kufika huko ni kuzunguka hadi Zaltbommel. Hilo limewahi kunipata nikiwa na mgeni aliyekwisha kuchoka, jioni, ratiba iliyobandikwa ukingoni ikisema chombo kipo na chombo chenyewe hakipo. Kwa hiyo panga safari yako kuanzia kwenye kivuko, urudi nyuma: kwanza ujue kivuko cha Brakel kinaacha saa ngapi, kisha uhesabu saa ya kuondoka Gorinchem.

Mambo ya kuhakikisha, na uyahakikishe asubuhi ya siku yenyewe kwenye tovuti ya kivuko husika, si wiki moja kabla:

Msimu. Boti ya Gorinchem huenda Woudrichem, na Loevestein iko ng'ambo ya mkono mwingine wa maji. Usidhani kila kituo kinafanya kazi mwaka mzima. Boti za watembea kwa miguu na baiskeli katika eneo hili nyingi ni za majira ya joto. Ukishushwa Woudrichem bila boti ya kuendelea, una mji mdogo mzuri wenye kuta za zamani, ila umekwama upande usiouhitaji.

Siku. Sehemu hizi zina Waprotestanti washika dini, na Jumapili kuna vijiji ambavyo hutapata hata duka la mkate lililofunguliwa. Vivuko vingine navyo huanza kwa kuchelewa au havianzi kabisa. Mimi huwapeleka wageni Jumamosi, au siku ya kazi katikati ya wiki.

Mchana. Chombo kidogo chenye nahodha mmoja kinaweza kuwa na mapumziko ya chakula. Shemeji aliuliza kama ni kama pantoni ya Kigamboni, unasubiri tu inakuja. Hapana, shemeji, huku nahodha akila, mto unasubiri.

Maji. Mto ukijaa, kawaida kati ya majira ya baridi na mwanzo wa machipuko, gati la kupandia huzama na njia zilizo nje ya tuta hufunikwa. Yakipungua sana, kama viangazi vya 2018 na 2022, vivuko vinaweza kusimama pia. Ukiona maneno "uit de vaart", maana yake hakisafiri. Usikae kusubiri.

Malipo. Wengi wanapokea kadi, lakini kadi ya nje wakati mwingine hukataliwa na mashine. Beba sarafu za yuro chache. Zitakufaa pia kwenye Hatua ya 6.

Kupanda. Kivuko cha Brakel hubeba na magari. Acha yashuke yote, shuka kwenye baiskeli, ingia ukiisukuma. Bamba la chuma la kupandia likilowa linateleza vibaya. Ukiwa katikati tazama kushoto na kulia: Waal ni mojawapo ya mito yenye meli nyingi zaidi za mizigo Ulaya, zinazopanda na kushuka kati ya Rotterdam na Ujerumani, na nahodha huyu anapenya kati yake siku nzima.

Hatua ya 5: Kutambua wapi magari yapo

Wageni hudhani tuta la mto ndilo mahali pa amani. Sivyo. Juu ya tuta mara nyingi kuna barabara nyembamba ya lami ya magari, na Jumapili yenye jua wapanda pikipiki huja kwa makundi kwa ajili ya zile kona. Amani iko chini: upande wa mto, kwenye nyasi zinazoachwa zifurike, au upande wa polda, kwenye vijia vya wakulima.

Soma alama. Duara la bluu lenye baiskeli peke yake ni njia ya baiskeli. Duara lenye baiskeli na pikipiki ndogo, utapitwa na vijana wenye kelele. Kibao cha mstatili chenye neno "fietspad" ni njia ya hiari, na mara nyingi ndiyo tamu kuliko zote. "Doodlopende weg" ni barabara isiyotokea popote, lakini soma kibao kidogo chini yake: kikisema baiskeli zimeachwa nje ya katazo, gari litakwama na wewe utapita. Hapo ndipo pa kwenda.

Pembetatu nyeupe zilizochorwa barabarani zikikuelekea, wewe ndiye wa kusubiri. Pasipo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, awe na gari au baiskeli.

Hatua ya 6: Safari yenyewe

Loevestein ni ngome iliyokaa pale maji ya Waal na Maas yalipokuwa yakikutana. Mwanasheria Hugo de Groot alifungwa humo, akatoroka mwaka 1621 akiwa amejificha ndani ya kasha la vitabu. Kasha analoonyeshwa mgeni lina ubishi, maana si hapo tu wanaposema wanalo.

Kutoka hapo hadi Brakel simama juu ya tuta angalau mara moja, ulinganishe: mto upande mmoja, mapaa ya nyumba upande wa pili, kisha ujiulize kipi kiko juu. Januari na Februari 1995, maji yalipopanda, watu wapatao 250,000 wa bonde hili la mito walihamishwa kwa hofu kwamba matuta yangekatika. Hayakukatika.

Baada ya Herwijnen unakata polda: mitaro minyoofu, ng'ombe, vitwitwi wanaokupigia kelele wakati wa kutotoa. Utapita juu ya barabara kuu ya A15 na reli ya mizigo ya Betuweroute. Ni kelele ya dakika mbili, na haiepukiki.

Linge ni kinyume cha Waal. Hauna meli, umejikunja kila mahali, matete pembeni, mashua za kukodi. Karibu na Asperen kuna ngome ya mviringo ya karne ya 19 iliyojengwa kulinda milango ya maji, enzi ambazo Waholanzi walipanga kumzuia adui kwa kuifurisha nchi yao wenyewe. Mbele kidogo, Acquoy, mnara wa kanisa umeinama. Kisha ingia Mariënwaerdt, karibu na Beesd: shamba kubwa la familia lenye barabara za miti mirefu, mahali palipokuwa na abasia tangu karne ya 12.

Kuanzia hapa ni nchi ya matunda. Mwishoni mwa Aprili miti ya tufaha na peasi inachanua. Juni na Julai ni cheri. Utaona meza kando ya njia zenye vikapu na kopo la pesa, bila muuzaji. Ndiyo kazi ya zile sarafu.

Hatua ya 7: Treni

Baiskeli inahitaji tiketi yake. Kwenye treni za NS, shirika la reli la Uholanzi, hairuhusiwi Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, wala kati ya saa 10 na saa 12:30 jioni, isipokuwa Julai, Agosti na sikukuu. Inayokunjwa, ikiwa imekunjwa, hupita bure wakati wote. Treni ndogo ya Geldermalsen–Gorinchem ni ya kampuni nyingine, soma masharti yake kivyake. Ukifika Geldermalsen saa 11 jioni siku ya kazi, usibishane na kondakta. Fika ng'ambo ya daraja la Linge mjini, agiza chipsi, urudi stesheni saa 12:30 ikishapita.