Kabla hujabonyeza: maswali mawili yanayofaa kwa picha ya aina yoyote

Watu wengi wakitaka kupiga picha nzuri swali la kwanza ni "ninunue kamera gani", na mi nilikuwa hivohivo, nikabadilisha kamera mara mbili na picha zikabaki mbovu vilevile, tofauti ni kwamba sasa zilikuwa mbovu zenye megapikseli nyingi. Kilichonitoa hapo ni maswali mawili tu ambayo najiuliza kabla kidole hakijagusa kitufe: mwanga unatokea wapi, na kuna nini kinachosogea? Ukishajijibu hayo, iwe unapiga mtoto, mlima, mbwa au mwezi, setingi hazikusumbui tena.

Tuanze na mwanga maana ndo ulionitia aibu. Kwenye harusi ya binamu yangu niliwapanga watu chini ya mti, saa saba mchana, nikajiona fundi kweli si wako kivulini. Kufungua picha kwenye kompyuta nakuta kila uso una madoadoa kama chui, jua lilikuwa linapenya kwenye majani, bwana harusi ana doa jeupe katikati ya paji la uso na jicho moja liko gizani. Picha kama arobaini, hamna hata moja ya kutundika ukutani. Binamu mwenyewe akaniambia "zimetoka tu vizuri", na hiyo "tu" niliisikia. Kumbe ningewasogeza hatua tano hadi kwenye kivuli cha ukuta, kile kivuli kizima kisicho na matundu, nikawageuza waangalie upande ulio wazi wenye anga, kazi ilikuwa imeisha. Hiyo ni dawa ya mchana wowote wa jua kali: tafuta kivuli kizima, alafu mtu aangalie kule kwenye mwanga.

Ukitaka kuuelewa mwanga kwa haraka fanya hili zoezi nyumbani. Zima taa zote za chumbani, mweke mtu hatua moja kutoka dirishani, dirisha liwe ubavuni kwake sio mgongoni. Sasa mwambie ageuze uso taratibu kuelekea dirishani we uko unaangalia lile shavu la upande wa giza. Mwanzo lote ni jeusi, alafu kuna sehemu kinatokea kipembetatu kidogo cha mwanga chini ya jicho, hapohapo mwambie asimame, piga. Akiendelea kugeuka uso mzima unang'aa na ule utamu unapungua. Mwambie pia asogee hatua mbili mbali na dirisha uone mwanga unavyokufa haraka kuliko ulivyodhani. Na taa nimesema uzime kwa sababu balbu nyingi zina unjano na dirisha lina ubluu, ukichanganya vyote viwili unapata mtu mwenye shavu la rangi mbili.

Kwa ngozi nyeusi hasa, mwanga mpana unaotoka pembeni ndo mpango mzima, kwa sababu uzuri wake unakuja na ule mng'ao unaochora mfupa wa shavu na pua. Fleshi ya kumpiga mtu usoni moja kwa moja inafuta yote hayo inaacha mafuta ya paji la uso tu. Kama lazima utumie fleshi na kamera yako inaruhusu kuigeuza, ielekeze kwenye dari jeupe mwanga ushuke wenyewe.

Kitu kingine ambacho hatuambiwi mapema: kamera haijui inaangalia nini. Kipimo chake cha mwanga kinachukulia kila kilicho mbele yake kikichanganywa kinatoa kijivu cha wastani, kwa hiyo mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe anatoka kama kivuli, kamera imeuona ukuta ikapunguza mwanga, na mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi anatoka kafifia kijivujivu. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peupe pakizidi weka +1, peusi pakizidi weka -1, angalia, rekebisha. Kwenye simu gusa uso wa mtu, shikilia kidole mpaka ijifunge hapo, alafu kwenye simu nyingi kinatokea kialama cha jua unakivuta juu au chini. Watu wana simu miaka mitano hawajawahi kukivuta hicho kijua!

Sasa swali la pili, kinachosogea. Hapa ni kasi ya shata, yaani ule muda pazia la ndani ya kamera linabaki wazi kupitisha mwanga, na namba zake ni vipande vya sekunde, sio ngumu: mtu anayetembea 1/250, mtoto anayekimbia 1/500, mpira au mbwa aliyefunguliwa 1/1000 kwenda juu. Usisahau kwamba na we mwenyewe unasogea, mkono unatetemeka, kwa hiyo ukiwa na lenzi ya milimita 200, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, usishuke chini ya 1/200 labda kama lenzi ina kizuia mtikisiko, na hicho kinazuia mkono wako tu, hakimzuii mtoto. Mwanga ukiwa hautoshi kwa kasi hiyo pandisha ISO, ile namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga, bila kuogopa. Najua watu wanaogopa chenga, zile punjepunje kwenye picha, lakini picha yenye chenga kidogo inatazamika, picha iliyotikisika hamna programu ya kuiponya vizuri. Na ukitaka kuonyesha mwendo wenyewe fanya kinyume, weka 1/30, mfuate mwendesha baiskeli kwa kamera huku unapiga mfululizo, nyuma inavutika mistari yeye anabaki. Tisa kati ya kumi zitaharibika, ndo ilivyo.

Watoto na wanyama: piga magoti. Kweli, hiyo tu. Kamera iwe usawa wa macho yao na fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na wewe.

Kwenye picha za watu wengi kosa ni kufungua lenzi sana, yaani tundu lake la mwanga (apacha), ambalo namba ya f ikiwa ndogo ndo linakuwa kubwa. f/1.8 ni tamu kwa mtu mmoja, nyuma panayeyuka, ila ukiwa na safu mbili za watu wale wa nyuma nao wanayeyuka na wamevaa wamependeza. Nenda f/5.6 au f/8.

Mandhari ndo wengi wanalalamika "kwa macho palikuwa pazuri kwenye picha pamekuwa padogo". Ni kwa sababu umepiga mlima peke yake, jicho halina pa kuanzia. Chuchumaa, weka jiwe au njia au maua karibu kabisa na lenzi upande wa chini wa fremu, ndo mlima uanze kuonekana uko mbali. Nenda asubuhi au jioni jua likiwa limelala maana vivuli virefu ndo vinachonga ardhi. Na jua likizama usifungashe vitu na wenzako, subiri kidogo, anga linakuwa bluu nzito na taa zimewaka, hapo ndo majengo yanatoka. Maporomoko ya maji yanataka stendi, shata iwe kati ya robo sekunde na sekunde nzima maji yawe kama hariri.

Usiku kuna mtego mmoja. Mwezi mpevu unapigwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo setingi zake ni za mchana: f/11, ISO 100, 1/100, ukiiachia kamera iamue utapata mviringo mweupe kama sahani. Nyota ni kinyume chake. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi yako, lenzi ya 20 inakupa sekunde 25, ukizidisha hapo nyota zinaanza kuvuta mikia kwa sababu dunia inazunguka (hesabu hii ni ya kamera yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, zinazoitwa fulufremu, kwenye kamera ya sensa ndogo punguza sekunde). Kama huna stendi egesha simu au kamera ukutani, weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise.

Mazoezi yenyewe, usizunguke na kila kitu kwa siku moja. Chukua aina moja kwa wiki, lenzi moja, na jioni kabla hujafuta zile zilizoharibika fungua taarifa za picha uone shata, ISO na apacha vilikuwa ngapi. Mi nilikuta karibu picha zangu zote za watoto zilizotoka ukungu zilikuwa 1/60, kumbe lenzi niliyokuwa naitukana haikuwa na kosa.