Mdagu wa Voi kwenye roshani ya Nairobi

Ukipanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi wakati wa kiangazi, nyika yote imekauka, kisha unaona kichaka kifupi kimejaa maua ya waridi wala hakina jani hata moja. Huo ni mdagu, ambao wauza miche huuita waridi la jangwani. Mimi niliutazama kwa karibu Voi, uani kwa mwenyeji wetu, shina limevimba chini kama mtungi. Mama mwenye nyumba alinichumia ganda la mbegu, na miche yangu imetokana na ganda hilo.

Chukua mbegu, mti uuache ulipo. Ndani ya hifadhi ya Tsavo huruhusiwi kuchuma wala kung'oa, na hata nje ya hifadhi inauma kuona shina lililonenepa kwa miaka mingi likiuzwa kando ya barabara. Omba kwa mtu aliyeupanda kwake. Tena mdagu wa mbegu ndio unaojenga shina nene. Wa tawi hubaki mwembamba muda mrefu.

Maganda huzaliwa mawili mawili. Yakianza kubadilika rangi, yafunge kwa uzi, kwa sababu yakipasuka upepo huzoa kila kitu: kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Zipande mapema, maana zikikaa sana hazioti.

Udongo mwekundu wa kwetu usiutumie peke yake, unashika maji mno. Mimi huchanganya mchanga wa mtoni sehemu mbili, changarawe ndogo sehemu moja na mboji iliyoiva sehemu moja, ndani ya chungu chenye matundu chini. Laza mbegu, zifunike kwa mchanga kidogo tu, nyunyizia. Penye joto la nyuzi 25 hadi 30 huchomoza baada ya wiki moja hivi. Miche ikishapata nguvu, ipeleke kwenye jua kali.

Adui wa mdagu Nairobi ni baridi ikikutana na maji. Kuanzia Juni hadi Agosti majani hupukutika, na mtu akiona hivyo hukimbilia kumwagilia. Usimwagilie! Mti umepumzika, na mizizi iliyolowa kwenye baridi huoza. Sogeza chungu karibu na ukuta unaopigwa na jua, mbali na mvua, kisha liminye shina kwa vidole. Likiwa gumu, lina maji ya kutosha. Likilegea na kunywea wakati wa joto, lina kiu. Likibonyea na kutoa majimaji, linaoza: ng'oa, kata kwa kisu safi mpaka ufikie nyama nyeupe, acha kidonda kikauke kivulini siku kadhaa, ndipo upande upya.

Joto likirudi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke kabisa. Kila unapobadilisha chungu, inua mti kidogo ili unene wa shina uonekane.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu, na zipo jamii za Afrika zilizoupaka kwenye mishale. Uweke mbali na watoto na mbuzi. Vidukari vya manjano vikivamia machipukizi, vioshe kwa maji ya sabuni jioni, jua likishapungua.