Kabla Hujaenda Himalaya: Mambo ya Kupanga Ukiwa Bado Nyumbani

Orodha za maandalizi ya Himalaya ziko tele mtandaoni, na nyingi zimeandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya wenzao. Zitakueleza viatu, koti na betri mpaka uchoke. Hazitakueleza kuhusu malaria unayoweza kusafiri nayo kutoka nyumbani, kuhusu selimundu, wala jinsi cheti cha Kilimanjaro kinavyompa mtu kiburi cha kumuua. Hii naiandika kwa mtu wa huku kwetu anayepanga kutembea siku kadhaa kwenye mabonde ya Nepal, iwe ni Khumbu kuelekea kambi ya chini ya Everest, Langtang, au kuzunguka Annapurna. Isome yote kabla hujalipa hata senti.

Msimu kwanza. Nenda Oktoba na Novemba, au Machi hadi mwanzoni mwa Mei. Juni hadi Septemba ni mvua: ruba kwenye soksi, njia zimeporomoka, na milima uliyoifuata huioni. Hata ukichagua mwezi mzuri, usidhani umemalizana na hali ya hewa. Oktoba 2014, katikati ya msimu, mabaki ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji eneo la Annapurna na Dhaulagiri, na zaidi ya watu 40 wakafa, wakiwemo waliokuwa wakivuka Thorong La, mita 5,416. Wenyeji wakisema leo hakutokwi, kaa.

Karatasi. Viza ya Nepal wengi huipata wakishatua Kathmandu, dola 50 kwa siku 30, lakini kuna nchi za Afrika ambazo raia wake lazima waombe mapema. Angalia kwa pasipoti yako mwenyewe, usimsikilize rafiki mwenye pasipoti nyingine. Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, usikipakie kwenye begi kubwa. Ukipitia Delhi kwa tiketi mbili tofauti utahitaji viza ya India. Ndiyo maana wengi wetu tunapita Doha au Dubai. Beba picha za pasipoti za kutosha kwa ajili ya vibali vya hifadhi. Tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal inataka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni katika njia nyingi. Khumbu wana utaratibu wao, lakini hata huko mchukue. Na ujue kwamba ofisi za ubalozi za Tanzania na Kenya ziko New Delhi, kwa hiyo usitegemee mtu wa kukukimbilia Kathmandu.

Sasa Kilimanjaro. Mtu aliyefika Uhuru, mita 5,895, akisikia kambi ya Everest iko mita 5,364 anaona kazi imekwisha. Hesabu hiyo ni mbovu. Kilimanjaro unafika kileleni alfajiri, unapiga picha, na saa chache baadaye umeshashuka; wengi wetu usiku wetu wa juu kabisa tuliulala kambi ya Barafu au ya Kibo, karibu mita 4,700, tena hatukulala, tulijinyoosha tu kusubiri saa sita za usiku. Khumbu unalala Lobuche, mita 4,940, kisha Gorak Shep, mita 5,164, na kabla ya hapo umeshalala juu ya mita 3,400 usiku baada ya usiku. Hamu ya chakula inaisha, kikohozi kikavu kinakukaa, kidonda kidogo cha kisigino hakifungi.

Halafu kuna suala la kushuka. Kilimanjaro ukizidiwa, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanakuweka kwenye machela ya gurudumu moja na karibu njia nzima ni mteremko mpaka getini. Bonde la Himalaya ni refu na limekatwakatwa na mito. Kutoka Tengboche kurudi Namche, kwa mfano, unateremka mpaka mtoni, unavuka daraja, kisha unapanda tena kilima kirefu ukiwa na ugonjwa wako. Kwa hiyo uamuzi wa kushuka lazima ufanywe mapema, miguu ikiwa bado ina nguvu.

Kanuni ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne unapumzika siku nzima palepale. Kwa njia ya Khumbu maana yake ni kulala mara mbili Namche na mara mbili Dingboche. Ratiba iliyofuta siku hizo ili bei ishuke, irudishe kwa aliyekuletea. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ongea na daktari ukiwa bado nyumbani, na mtajie kama dawa za salfa zinakudhuru.

Malaria. Hapa naomba usome polepole.

Tulikuwa kundi dogo. Mmoja wetu, siku chache kabla ya safari, alikwenda msibani Ifakara akalala matangani, nje, bila chandarua, kama tunavyolala sote msibani. Akarudi Dar, akafunga begi, tukaondoka. Kathmandu mzima, Lukla kwenye uwanja wa ndege wa Khumbu mzima, Namche mzima na ndiye aliyekuwa anatutangulia. Tengboche kichwa kikaanza kumgonga. Kila mtu alijua ni mwinuko: sisi, mwongozaji wetu, hata mama mwenye nyumba ya wageni, aliyemletea supu ya vitunguu saumu wanayoiamini sana kule. Akaitapika. Usiku alitetemeka mpaka kitanda cha mbao kikawa kinagonga ukuta na watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Asubuhi fulana yake ilikuwa imelowa kana kwamba imetolewa kwenye beseni la kufulia, lakini mwili ulikuwa umepoa, naye akasema amepona, twende zetu juu.

Mwongozaji akakataa, na alikuwa sahihi. Tukamshusha Namche. Mgonjwa wa mwinuko akishushwa hivyo kwa kawaida anaanza kupata nafuu. Huyu jioni ilipofika akaanza upya: baridi, moto, jasho. Katika kliniki moja walimwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, wakamsikiliza mapafu, wakampa dawa za mwinuko na za tumbo, wakasema ashuke zaidi. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, na sisi hatukusema. Mabonde yale ya juu hayana malaria. Daktari wa pale haamki asubuhi akiiwazia.

Lukla mawingu yalikuwa yamefunga, hakuna ndege. Macho yake yakawa yanageuka manjano. Aliyejua ugonjwa ni mama yake, kwa simu, kutoka Ifakara. Tulimpigia kumtoa hofu tu. Alisikiliza kidogo, akatukatiza: “Nyie, huyo ana malaria. Si alilala msibani huyo? Mpimeni damu.” Mawingu yalipofunguka tukampeleka Kathmandu, na hospitalini tulilitaja neno hilo kabla hata hatujataja jina lake. Wadudu walionekana wazi kwenye darubini. Akawekewa artesunate, dawa ya malaria kali, kwa mshipa, na daktari akatuambia figo zilikuwa zimeshaanza kulegea. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini siku zote zile alizolala akitetemeka, ugonjwa tunaoujua tangu utotoni ulikuwa mbele ya macho yetu, na kwa kuwa tulikuwa kwenye theluji hakuna aliyeufikiria.

Basi fanya hivi. Wiki mbili za mwisho kabla ya safari lala ndani ya chandarua bila kukosa, hata msibani. Vimelea hukaa mwilini wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijaanza, kwa hiyo kipimo safi cha siku ya kuondoka hakikupi uhakika. Beba vipimo vya haraka vya kutoboa kidole, viwili au vitatu, na dozi moja kamili ya dawa ya mseto kutoka duka unaloliamini. Usiviache vipimo vigande kwa baridi. Lala navyo ndani ya begi la kulalia. Homa ya kupanda na kushuka pamoja na kutetemeka haifanani na ugonjwa wa kawaida wa mwinuko. Ukiipata, pima, na kipimo kikisema hakuna, rudia kesho yake. Na popote utakapomwona daktari, sentensi yako ya kwanza iwe: natoka Afrika Mashariki, kwetu kuna malaria.

Ila nisieleweke vibaya. Kupima hakuchukui nafasi ya kushuka. Kichwa kinauma na unatapika juu ya mita 3,000, hupandi, basi. Na mtu anayeyumba akitembea, anayeongea visivyoeleweka, au anayehema akiwa ameketi, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na nje kuna theluji. Hao ndio wanaokutwa wamekufa asubuhi.

Selimundu nayo iangalie. Wengi kati yetu, hasa wa Kanda ya Ziwa na Pwani, magharibi mwa Kenya na sehemu kubwa za Uganda, tumerithi kinasaba kimoja cha selimundu na tuna afya njema kabisa, wala hatujui kama tunacho. Kwenye mwinuko mkubwa, ambako hewa ina oksijeni kidogo, baadhi ya watu wa namna hii wameharibikiwa bandama. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Si kila mwenye kinasaba atapatwa, lakini kipimo chake ni cha damu tu. Pima, na kama unacho, kaa na daktari kabla hujalipia safari. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende.

Bima lazima iandike mita. Ziko zinazokoma mita 3,000 au 4,000, na hizo ni za watu wa hotelini. Unataka inayofika mita 6,000 na inayotaja helikopta waziwazi. Uliza nani anaruhusu helikopta iruke, wewe au ofisi yao, na namba ya dharura iandike kwenye karatasi, maana simu itazima kwa baridi. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa helikopta, ambapo wageni wenye maumivu kidogo tu ya kichwa walikuwa wanasukumwa wapande ili bima ichunwe. Kwa hiyo zijue dalili wewe mwenyewe, usije ukakubali usiyoihitaji wala kukataa utakayoihitaji.

Siku za akiba ni za lazima. Uwanja wa Lukla una njia ya kurukia ya mita 527, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Wingu likikaa, hakuna anayeruka. Msimu ukichanganya, ndege nyingi za Lukla zinaondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap, kwa hiyo utapanda gari Kathmandu usiku wa manane. Kati ya siku ya kutoka Lukla na ndege ya kurudi nyumbani weka siku tatu. Bosi hataki kutoa likizo ndefu? Basi badilisha bonde. Mimi kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza nampendekezea Langtang: unafika Syabrubesi kwa barabara, unatembea mpaka Kyanjin Gompa, kama mita 3,870, na barafu ya milima iko juu ya kichwa chako pande zote. Utapita mahali kijiji cha zamani cha Langtang kilipofukiwa na maporomoko ya theluji na mawe siku ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Nyumba za sasa zimejengwa upya na waliobaki, na hela yako ya wali na dengu inaingia mikononi mwao moja kwa moja.

Begi: kilo 15 kwa ndege ya Lukla, kila kitu ndani. Viatu vilivyokwishavaliwa. Glovu nzito. Begi la kulalia la nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, na Thamel, mtaa wa wageni Kathmandu, utalikodi kwa bei nafuu. Betri za simu lala nazo. Pesa: dola, uzibadilishe Kathmandu, shilingi zetu hawazijui, na mashine za kutolea pesa juu ya Namche usizitarajie. Maji yoyote ya bomba au mto yatakase, na ukumbuke klorini inafanya kazi polepole kwenye maji baridi, ipe muda zaidi ya ulioandikwa. Kula wali na dengu, wanakuongeza mpaka ushibe. Nyama huko juu imebebwa mgongoni siku nyingi bila friji, iache.

Mpagazi wako muangalie ana viatu na koti kabla hamjaondoka, na mzigo wake usiruhusu uwe wa watu wawili. Asikohoe wiki nzima wewe unajua na umenyamaza.

Mwachie mtu nyumbani ratiba, namba ya bima na jina la kampuni inayokupeleka. Usitembee peke yako, usitangulie mwongozaji kwa sababu miguu inawaka. Baghala na yak, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wakija, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo, mizigo yao inasukuma mtu. Darajani wasubiri wapite wote ndipo uingie. Na usiku ukitoka kwenda chooni vaa viatu na uwashe tochi, barafu ya mlangoni haionekani.