Namna ya Kukusanya Kamera za Zamani za Mkanda Zenye Bodi ya Plastiki

Anayetaka kukusanya kamera za mkanda hapa Mwanza hana haja ya kuanza kwa kuagiza ng'ambo, kwa kuwa nyingine bado zimehifadhiwa masandukuni na wazee waliokuwa wakipiga picha za harusi na za pasipoti, na nyingine hujitokeza mara mojamoja katika mafungu ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja. Ukitaka kuzitumia kupiga picha pia, chagua zinazotumia mkanda wa milimita 35, ambao hadi leo unatengenezwa. Kodak Instamatic, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ni nzuri kwa kabati tu, maana kaseti zake za mkanda wa aina ya 126 hazitoki tena viwandani.

Plastiki haishiki kutu, na hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Niliwahi kununua kamera iliyong'aa kama mpya, nikaifungua nyumbani na kukuta unga mweupe wenye ukijani umekula vyuma vya betri hadi kimoja kimekatika. Tangu siku hiyo nafungua mfuniko wa betri kabla ya kuuliza bei. Unga ukiwa kidogo, kamera inaponyeka: chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya limau, sugua polepole mpaka povu litulie, kwa sababu uchafu wa betri za alkali huzimwa na asidi, kisha futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa.

Baada ya betri, mulika lenzi kwa tochi ya simu ukiwa umeiinamisha upande. Vumbi si tatizo, lakini ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hustawi katika unyevunyevu kama huu wa kandokando ya ziwa na hatimaye huchimba kioo chenyewe. Kamera hiyo usiiweke pamoja na nyingine. Kisha, ukishahakikisha hakuna mkanda ndani kama nitakavyoeleza mwishoni, fungua mlango wa nyuma. Sponji nyeusi inayozuia mwanga pembezoni huwa imeoza na kunata kama lami, jambo ambalo halipaswi kukutisha, kwani huondolewa kwa kijiti cha meno na spiriti, na mahali pake unaweza kulaza uzi mweusi wa sufu ndani ya mfereji uleule.

Bodi ifute kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni kidogo. Usitumie kamwe thina, petroli wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha, kwani huyeyusha plastiki na doa lake haliondoki. Kamera yenye flashi usiifungue skrubu, maana kapasita yake, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa flashi, huweza kubaki na umeme wa takriban volti 300 hata baada ya betri kutolewa.

Katika kuhifadhi, toa betri zote na uachane na mikoba ya ngozi, ambayo hutunza unyevu na kulisha kuvu. Mimi hutumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani nikiweka vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na kila baada ya wiki chache hufungua nikazikagua lenzi.

Jambo moja linanigusa kuliko yote. Kabla ya kufungua mlango wa nyuma wa kamera yoyote ya milimita 35 yenye kishikio cha kurudisha mkanda, kizungushe taratibu kufuata mshale; kikigoma, kuna mkanda ndani, na huenda una picha za familia ambazo hazijawahi kusafishwa. Bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, endelea kuzungusha mpaka kishikio kilegee kabisa, ndipo ufungue. Mkanda huo mpelekee kwanza aliyekuuzia, umuulize kama anamkumbuka mwenye kamera.